Mseto wa choroko, mkate wa kumimina na kikosi kinachokufa njaa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tuko wanne hapa Ngamiani, Tanga: mimi, kaka zangu wawili na jirani yetu Mhindi. Kila Jumamosi baada ya Isha tunakusanyika kwetu kucheza gemu za vita vya zama za kati, Battle Brothers na Mount & Blade: Warband, kwenye kompyuta mbili. Jirani hali nyama, samaki wala mayai, basi kila wiki ni chipsi, na mkaangaji ni mimi. Nikienda jikoni zamu yangu inapita, kibodi imejaa mafuta, na ikifika saa tano watu wanasinzia. Na kwenye Battle Brothers kila tukianza upya, kufika siku ya kumi na tano akiba ya chakula imekwisha, mishahara hailipiki na askari wanatoroka. Tupike nini, tucheze nini, na kikosi tunakiharibia wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na chipsi, maana ndizo zinazokutoa kwenye gemu. Chipsi zinataka mtu asimame jikoni wakati ule ule watu wanapotaka kula. Ukizikaanga mapema zinalegea, na kila mlaji anarudi kwenye kibodi na vidole vya mafuta. Kuzibadilisha kwa bajia, kachori au mahamri hakutakusaidia, kwa sababu bado ni karai na mafuta. Unahitaji chakula cha bakuli na kijiko kinachoiva kabla ya Isha na kukaa na moto wake, na kingine cha kushika mkononi kisichochuruzika. Vyote viwili ni vya kwenu hapo hapo: mseto wa choroko wa nazi, na mkate wa kumimina. Jirani naye hatajiona kapikiwa chakula cha mgonjwa. Hesabu tu sahani za futari, uone ngapi hazina nyama.

Kabla hujawasha jiko, muulize jirani maswali mawili. La kwanza, anakula vitunguu? Wako Wahindu wasiokula kitunguu maji wala thaumu, na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya India) wengi hawali mizizi, viazi na karoti vikiwemo. La pili, maziwa na samli anatumia? Wengi wanatumia, lakini uliza. Halafu angalia mambo ambayo mwenyeji huyasahau: mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki hayarudi kuwa mafuta ya mboga kwa kuchujwa, na vile vidonge vya mchuzi vya dukani vingi vina ladha au mafuta ya kuku na ng'ombe. Soma karatasi yake, au achana navyo. Mseto ukiwa na tui la kutosha hauvihitaji.

Sasa mseto wenyewe. Kwa watu wanne wenye njaa chukua mchele gramu 300 (kikombe kimoja na nusu cha mililita 250), choroko gramu 200 (kikombe kimoja), nazi 2 kubwa zilizokomaa, chumvi vijiko 2 vya chai, manjano nusu kijiko cha chai, na tangawizi mbichi kipande cha kidole gumba, iliyotwangwa. Mchele usinunue wa bei. Chenga ndizo zinazofaa, kwa sababu mseto unataka punje ipasuke na kutoa wanga, na mchele mrefu wa pilau hukaa unajitenga na choroko. Nazi itikise sikioni kabla ya kulipa. Isiposikika maji iache, mara nyingi ndani imeanza kuoza na tui lake litanuka mafuta mabovu.

Choroko za kuparaza hazihitaji kulowekwa. Choroko nzima ziloweke saa 4. Zichague mawe mapema, tena kwa mwanga wa mchana, si kwa taa ya simu jioni. Zichemshe kwa vikombe 5 vya maji matupu mpaka zipasuke: dakika 20 hadi 25 zilizoparazwa, 35 hadi 40 nzima. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kutia nyanya au ndimu mapema. Uchachu huzuia ganda la choroko kulainika, na utakaa unaongeza maji na kuni bila mafanikio. Chumvi nayo itie mwishoni, kwa sababu nyingine: maji yanapungua, na kipimo kilichokuwa sawa mwanzoni kinakuwa kingi.

Wakati choroko ziko motoni, kuna nazi. Hii kazi wape kaka zako. Mbuzi ya kukunia haihitaji fundi. Kamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu upate kasimile, iweke pembeni. Kisha kamua mara mbili zaidi kwa vikombe 4 vya maji jumla, upate tui jepesi. Maji yasiwe ya moto sana, yatakuunguza mikono.

Choroko zikishapasuka, tia mchele uliooshwa, tangawizi, manjano na lile tui jepesi lote. Moto uwe wa wastani, sufuria iwe nzito, na mwiko upite chini kabisa kila baada ya dakika 2 au 3. Mseto hauungui juu wala pembeni, unaungua chini pale katikati, palepale ambapo mwiko wa mvivu haufiki. Baada ya dakika 20 hadi 25 mchele utakuwa umevimba na kupasuka. Tia chumvi, punguza moto uwe mdogo kabisa, ndipo umimine kasimile. Kuanzia hapo usiondoke kwa dakika 7. Kasimile ikichemka kwa nguvu inakatika, yaani mafuta yanajitenga na kuelea kama vipande vya jibini. Hakitamdhuru mtu, ila utelezi wake mzuri umekwisha na watu watasema umetia mafuta mengi. Koroga taratibu, usifunike, na uepue ungali mwepesi kuliko unavyotaka kuula. Mseto mzuri wakati wa kuepua unadondoka kwenye mwiko kwa uzito wake wenyewe. Ukisubiri ushikane jikoni, baada ya nusu saa utaukata kwa kisu.

Ukisikia harufu ya kuungua, usiparuze. Zima moto na umimine mseto kwenye sufuria nyingine papo hapo bila kugusa ukoko. Ladha ya moshi inapanda kwa kukorogwa.

Juu yake tia kitu cha kuuamsha: samli vijiko 2 vya chakula, ikipata moto tia bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, subiri ilie kwa sekunde chache na kubadilika rangi kidogo, mimina juu ya mseto. Kama vitunguu vinaruhusiwa, kaanga kitunguu kimoja kikubwa mpaka kiwe hudhurungi kabla ya kutia bizari. Ndimu na achari ya embe ziende mezani, kila mtu ajitilie. Ukikamulia ndimu kwenye sufuria yenye tui moto, utakuwa umelikata kwa mkono wako.

Uweke kwenye hotipoti uliyoisuuza kwa maji ya moto kwanza. Hilo la kusuuza si mbwembwe, hotipoti baridi inanyonya joto la chakula kabla hujafunga kifuniko. Usiuache mseto kwenye sufuria wazi zaidi ya saa mbili, hasa msimu wa kaskazi. Tui linachacha upesi kwa joto la Tanga, na wali uliopoa polepole unaweza kuota bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha upya. Unaobaki utandaze kwenye sahani pana upoe haraka, kisha uingie kwenye friji usiku huo huo.

Mkate wa kumimina unataka subira zaidi kuliko ufundi. Ijumaa usiku loweka mchele gramu 400 (vikombe 2). Jumamosi baada ya Adhuhuri umwage maji yote, usage kwenye brenda pamoja na kasimile mililita 350 na iliki punje 8 zilizomenywa. Saga kwa dakika 4 au 5, ukipumzisha mashine katikati. Chukua tone usugue kati ya vidole: ukisikia chengachenga, endelea kusaga, maana chenga hizo haziivi kwenye mkate, zinabaki mchanga mdomoni. Brenda inapata joto, na joto kali linaua hamira. Kwa hiyo hamira kijiko kimoja cha chai itie baada ya kusaga, mchanganyiko ukiwa vuguvugu au baridi, na ongeza unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula kuusaidia kushikana. Wengine hupiga ute wa yai wakautia ili mkate uwe mwepesi. Kwa jirani yenu ute usiwepo, na mkate utatoka vizuri tu hamira ikiwa nzima.

Funika, acha uumuke. Kwa joto la huko ni dakika 40 hadi saa moja, siku za joto kali hata chini ya hapo. Usitazame saa, tazama uso wake: unapanda, unajaa mapovu madogo. Ukiona umepanda kisha katikati umebonyea na unanuka pombe, umechelewa. Mkate huo utatoka bapa na mchachu. Sukari gramu 150 itie sasa, baada ya kuumuka, ukikoroga polepole. Sukari inaulainisha mchanganyiko uwe mwepesi zaidi, ndiyo maana mwanzoni unatakiwa uwe mzito kuliko unavyodhani.

Sufuria ya upana wa sentimita 22 hivi ipake mafuta, iweke motoni mpaka tone la mchanganyiko likidondoka lilie. Mimina. Acha dakika 5 hadi 8 kwa moto wa wastani mpaka pembeni pashike na vitundu vitokeze juu. Kisha punguza moto wa chini ubaki makaa machache, funika, palia makaa mengi zaidi juu ya kifuniko, dakika 20 hadi 25. Kwenye oveni ni nyuzi 180, dakika 35 hadi 40. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua. Unaotoka na tope katikati huku chini umeungua umepikwa kwa moto mkubwa wa chini, na kuurudisha jikoni hakusaidii sana. Uache upoe kabisa kabla ya kukata. Ukiukata wa moto unanata kwenye kisu na vile vitundu vinajifunga. Kata vipande vya upana wa vidole viwili, funika kwa kawa, weka katikati ya meza. Mtu anashika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unabaki kwenye kipanya.

Kwa vitafunio vingine sina maneno mengi: korosho, bisi zisizo na siagi, machungwa ya Muheza yaliyokwisha kumenywa na kugawanywa. Ubuyu msiulete karibu na kompyuta. Rangi yake inang'ang'ania kwenye herufi, na sukari yake inagandisha vibonyezo.

Kuhusu kusinzia saa tano: sehemu ya sababu ni sahani kubwa ya mafuta inayoliwa saa nne usiku, watu wakiwa wameshachoka. Mseto uleni saa 2:30, mara tu mkikutana, bakuli moja kila mtu, na gemu lianze baada ya hapo. Saa tano iwe mkate na chai ya tangawizi au kahawa chungu. Anayetaka bakuli la pili ale kabla ya kuondoka.

Na kwa kuwa mnapenda zama za kati, kuna jambo litakalowafurahisha. Viazi mviringo, nyanya, pilipili mbuzi, mahindi, maharage, karanga na muhogo vyote asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Askari wa Ulaya wa karne ya 14 hakupata kuona chipsi maishani mwake. Chakula chake cha kila siku kilikuwa nafaka iliyochemshwa na njegere au kunde za kwao kwenye chungu kimoja, na mkate pembeni. Mseto wako uko karibu naye kuliko chipsi. Kwa upande wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita mwaka 1331, ameandika mlo aliokaribishwa Mogadishu: wali wa samli na vitoweo juu yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Ukiviondoa vile vitoweo vya nyama na samaki, jirani yenu anakula vyote vilivyobaki.

Mkitaka siku moja mle kama mgeni huyo, ndizi za maziwa ni rahisi. Menya ndizi mbichi 8, bokoboko zinafaa, huku mikono umeipaka mafuta ili utomvu usigande. Zichemshe kwa maji ya chumvi dakika 10 hadi 12, mwaga maji hayo yenye utomvu. Maziwa nusu lita yachemshe peke yake kwenye sufuria nyingine. Kama yamekaa na yatakatika, yakatikie huko bila kukuharibia ndizi. Kisha yamimine juu ya ndizi, samli kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga ya kutwanga, moto mdogo dakika 10. Ziko tayari.

Sasa gemu. Mlizonazo ni nzuri, ila mnazicheza kwa mpangilio mbaya. Warband, iliyotengenezwa na TaleWorlds wa Ankara, Uturuki, na kutoka mwaka 2010, vita vyake ni vya papo hapo: panga, mishale na farasi vinategemea mkono wako, na mikono miwili iko kazini. Upande wa wachezaji wengi unaweza kuunganisha kompyuta zenu kwa mtandao wa ndani bila bando, lakini ni mapigano tu. Ile safari ndefu ya kujenga jeshi na kuteka ngome ni ya mtu mmoja. Basi Warband ichezwe mwanzoni mwa usiku, watu wakiwa macho, nusu saa moja au mbili, hakuna chakula mezani. Kompyuta moja ikiwa ya zamani si neno, ni gemu la umri huo na halidai mengi.

Battle Brothers ya Overhype Studios wa Hamburg, Ujerumani, iliyokamilika mwaka 2017, ni gemu la zamu. Hakuna kinachotokea mpaka uamue. Hilo ndilo gemu la mtu mwenye chungu jikoni. Nalo ni la mchezaji mmoja, ila kikosi kinaingiza uwanjani watu 12, nanyi mko wanne: kila mmoja awe na askari 3, awape majina, awaendeshe yeye mwenyewe na kuwachagulia ujuzi wakipanda daraja. Anayekwenda jikoni anarudi kukuta askari wake wanamsubiri. Mambo ya fedha na njia yapitishwe kwa kura, na mkifungana aamue aliyepika.

Kwa kompyuta ya pili, pakueni Battle for Wesnoth. Ni ya bure, David White aliianzisha mwaka 2003, na ina namna ya kucheza watu kadhaa kwenye kompyuta moja kwa kupokezana. Inaweka akiba yake yenyewe kila zamu, kwa hiyo umeme ukikatika hampotezi usiku mzima. Jambo la kulishika kwanza ni saa za siku: siku ina zamu 6, na askari wa upande wa nuru wanapiga kwa asilimia 25 zaidi mchana na kupungukiwa asilimia 25 usiku. Wa upande wa giza, kama maoki (majitu ya vita ya kwenye hadithi), ni kinyume chake. Anayeanza hushambulia pale anapofika. Anayejua hujipanga afike asubuhi, na jua likizama anarudi nyuma kwenye vijiji, ambako askari anapona pointi 8 kila zamu.

Nirudi kwenye kikosi chenu, maana kosa lake nadhani naliona hata bila kutazama kioo. Siku ya kumi na tano haiwaui. Mnauawa siku ya tatu au ya nne, mnapojaza watu 12 kwa sababu nafasi zipo. Hesabu iko hivi. Kila askari anakula vipimo 2 vya chakula kwa siku. Watu 12 ni vipimo 24, na mfuko mmoja wa chakula ukinunuliwa una 25. Yaani kila kukicha mfuko mzima umekwenda, na juu yake mshahara wa watu 12, unaolipwa kila siku na kupanda kila askari anapopanda daraja. Kazi mnazopewa wakati huo, za kupeleka barua, kusindikiza mzigo au kufukuza vibaka, ni malipo ya kikosi kidogo. Safari ya siku tatu kwenda kijiji cha mbali imekula mifuko mitatu kabla hamjalipwa chochote.

Anzeni na wale watatu mnaopewa, ongezeni watu wa bei nafuu hadi 6 au 7, mkae hapo wiki ya kwanza. Waliokuwa wakulima wana nguvu na pumzi, na hawadai makubwa. Askari wa kukodi aliyezoea anavutia kwenye orodha, lakini mshahara wake mmoja unalisha wanyonge kadhaa. Msiajiri mtu mpya mpaka mkononi muwe na chakula cha siku 4 na mishahara ya siku 5 baada ya kumlipa ada yake. Ni sheria ngumu, na kaka zako watanung'unika.

Chakula nunueni mahali kinapotoka. Samaki ni rahisi kijiji cha wavuvi, nafaka ni rahisi penye mashamba, na miji mikubwa huuza kila kitu kwa bei ya juu. Kijiji ambacho njia zake zimevamiwa bei zake zimepanda, kwa hiyo soma hali ya kijiji kabla ya kufungua soko. Gemu lenyewe hula kwanza kile kinachokaribia kuharibika, hilo msihangaike nalo, ila msirundike vyakula vinavyooza upesi kwa sababu vilikuwa nafuu. Nafaka na vilivyokaushwa vinakaa. Warband nayo iko hivyo hivyo: nyama mbichi inaoza njiani, nafaka, jibini na asali havina shida, na kadiri aina za chakula zinavyokuwa nyingi ndivyo ari ya jeshi inavyopanda. Jirani yenu anaweza kuongoza jeshi lisilokula nyama bila kupungukiwa kitu.

Fedha kubwa ya mwanzo haitoki kwenye malipo ya kazi, inatoka kwenye ngozi na chuma walichovaa maadui. Na hapa pana jambo la kutazamwa kwa karibu. Ukimpiga jambazi kwa shoka au rungu, unavunja vazi lake kabla ya kumwua, na vazi lililoharibika sana haliokoteki. Jambia lina pigo la kutoboa linalopita moja kwa moja bila kugusa vazi. Kwa hiyo kila askari abebe jambia kwenye mfuko wa pembeni. Wenzake wakishaanguka na amebaki mmoja mwenye deraya ya maana, mzungukeni pande zote, kwani kila mwenzenu anayeongezeka kumzingira anawapa asilimia 5 zaidi ya kupata. Badilisheni silaha, mumtoboe polepole. Pigo hilo hukosa mara nyingi na linachosha, kwa hiyo lisitumike maadui wawili au watatu wakiwa bado wamesimama. Deraya mliyoipata mvikeni aliye mstari wa mbele. Ile iliyovuliwa ndiyo iuzwe, tena baada ya kutengenezwa, maana bei inafuata uzima wake.

Mstari wa mbele wape mikuki na ngao mpaka wajifunze, kwa sababu mkuki una asilimia 20 zaidi ya kupata, na askari mchanga tatizo lake ni kukosa. Nyuma yao wawili wenye silaha ndefu zinazofika hatua mbili mbele. Maoki waacheni kabisa kwa sasa, kazi ikitaja maoki ikataeni bila aibu. Kukimbia vita pia kunaruhusiwa, na ni nafuu kuliko kuajiri upya.

Kikosi mlicho nacho sasa msikifute. Waachisheni wawili wenye mshahara mkubwa kuliko wanachofanya, uzeni silaha za akiba isipokuwa majambia, na mzunguke kati ya vijiji viwili vilivyo karibu mkichukua kazi za mzigo na barua tu, mpaka mfikishe zile siku 4 za chakula na 5 za mishahara. Kama hakuna vijiji viwili vilivyo chini ya safari ya siku moja, kahamieni upande mwingine wa ramani wakati bado mna mifuko miwili, maana mkibaki na mmoja hamfiki.